Nasaha kwa Mpwa Wangu Juu ya Miti Michanga na Vyungu Vyake

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imewasili salama, nami nimeisoma kwa furaha kubwa, kwa sababu ni nadra mzee wa umri wangu kuulizwa na kijana juu ya jambo ambalo moyo wake umelipenda siku zote. Umeniambia kuwa umeingiwa na mapenzi ya bonsai, ile sanaa ya kulea mti ndani ya chungu kifupi hata ukafanana na mti mkongwe wa mwituni. Umeniambia pia kuwa umekwisha kununua vyungu vitatu na miche mitatu ya mkwaju isiyozidi urefu wa kalamu, nawe wataka kujua mche upi uingie katika chungu kipi. Jawabu langu ni kwamba hakuna mche hata mmoja uliokwisha kustahiki chungu. Vifunge vyungu hivyo kwa magazeti, uviweke juu ya kabati, usivishushe mpaka mikwaju yako iwe na mashina.

Usidhani kwamba nakuvunja moyo. Shina la mti hunenepa kwa kadiri ya majani yanayolilisha na matawi yanayoachwa yakimbie yatakako, na matawi hayo hayakimbii ila mizizi iwe na nafasi. Basi ukiifunga mizizi ndani ya chombo chenye kina cha vidole viwili, umeufunga mti wote. Chungu kifupi kazi yake ni kuzuia, na fadhila yake yote imo katika kuzuia huko, maana mti uliokwisha kupata umbo hudumu humo katika umbo lake bila ya kufura wala kutawanyika. Lakini mche ambao haujapata shina, wala mizizi ya juu iliyotandaa, wala tawi la kwanza la maana, ukitiwa humo hudumu katika uchanga wake. Utaumwagilia miaka kumi, na baada ya miaka kumi utakuwa na kijiti kilekile, tena kimechoka. Vijiti vya namna hiyo huuzwa mijini ndani ya vyungu vizuri mno, na mnunuzi hulipia chungu akidhani amenunua mti.

Wajapani, walioipokea sanaa hii kutoka Uchina wakaifikisha katika daraja ya juu kabisa, hawaanzi na chungu. Kijiji cha bonsai cha Omiya, katika mkoa wa Saitama, kilianzishwa mwaka 1925 na walezi wa miti waliohama Tokyo baada ya zilzala kubwa ya mwaka 1923, nao walikwenda huko kutafuta ardhi ya kutosha, maji safi na hewa njema; hayo ndiyo waliyoyaona kuwa rasilimali ya kazi yao. Misonobari michanga katika nchi hiyo hupandwa shambani kama mazao mengine, hukatwa ikaachwa, hukatwa tena ikaachwa, na mingine hukaa ardhini miaka kumi na zaidi kabla ya kuonja chungu. Uko Washington msonobari ulioanza kulelewa mwaka 1625, ukanusurika Hiroshima mwaka 1945 siku mji ule ulipoangamizwa kwa bomu, kisha mwenyewe, Masaru Yamaki, akautoa kuwa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Mbele ya umri kama huo, miaka mitano au sita ya kukuza shina si muhula wa kulalamikia.

Sasa tuseme juu ya mikwaju yako. Umechagua vyema, kwa sababu mkwaju una vijani vidogo ambavyo havitaushinda mti mdogo kwa ukubwa, kama vile majani ya mwembe au mkungu yatakavyoushinda daima. Gome lake hupasuka na kuonyesha uzee mapema. Na jua la pwani ni jua lake. Waache wanaoagiza mbegu za miti ya nchi za baridi, ambayo isipopata majira ya kulala hudhoofika katika joto letu ikafa. Ukipenda kuongeza, ongeza mvinje, au mti wowote wa jamaa ya mkuyu, ambayo huota kwa kipande cha tawi na husamehe mengi kwa mwanafunzi.

Masika yanapoanza, ung'oe mche taratibu, uioshe mizizi ndani ya ndoo ya maji mpaka uione yote. Utakuta mzizi mmoja mkuu umeshuka wima, na kandokando vijizizi vyembamba kama nyuzi. Mzizi mkuu ukate, ubakize urefu wa vidole vitatu tu, na ile ya kando uitandaze pande zote kwa ncha ya kijiti, kila mmoja na njia yake, pasiwe na uliopita juu ya mwenziwe. Maana mizizi inayopandana leo itakuwa fundo baya siku shina litakaponenepa, na wakati huo hapana la kufanya. Kisha uupande juu ya kigae kipana ulichokifukia ardhini kwa kina cha kiganja, ili mizizi iteremkayo ikigonga kigae igeuke kwenda pembeni. Kwa njia hii ndipo kitako cha mti hupanuka kikaishika ardhi kwa haiba, na kitako ndicho jicho la mjuzi hukitazama kwanza. Kama kiwanja chako cha Dar es Salaam hakina nafasi, karai kuukuu la plastiki lililotobolewa matundu mengi, au sanduku la mbao, litakutosha.

Ukisha kuupanda, uache. Hili ni gumu kwa kijana kuliko kazi yote nyingine. Uache urefuke hata upite kichwa chako, na tawi moja la chini usiliguse hata likirefuka likakuudhi, kwa sababu ndilo linalonenepesha shina pale chini. Likimaliza kazi yake utalikata. Shina likifika unene wa mpini wa jembe, ukate mti kwa ujasiri ubakize shubiri moja, uchague chipukizi moja liwe shina jipya, nalo uliache likimbie vivyo hivyo, kisha ulikate mbele kidogo ya pale ulipokata mwanzo. Kwa kukata na kuacha huku shina hupata unene chini na wembamba juu, kama miti yote iliyokula miaka mingi, jambo ambalo waya hauwezi kulifanya. Waya una kazi yake ya kuelekeza matawi: tumia wa alumini, wenye unene wa thuluthi ya tawi, uuzungushe kwa mshazari, nawe uukague kila wiki wakati wa mvua, maana tawi hunenepa upesi, na waya ukizama ndani ya gome huacha kovu la miaka.

Miaka hiyo ikipita, ndipo tutazungumza juu ya vyungu, na hapo mti ndio utakaochagua. Walezi hupima hivi: urefu wa chungu uwe kama thuluthi mbili za kimo cha mti, na kina chake kilingane na unene wa shina pale linapotoka udongoni. Mvinje, na kila mti wenye sura ya ukali, hupendeza katika chungu cha rangi ya udongo kisichong'aa. Miti ya maua na matunda hukubali cha kung'aa, kwa hiyo kile ulichosema ni cha buluu huenda kikafaa siku moja. Kile ulichosema kina tumbo pana na mdomo uliobana, kirudishe dukani maadamu muuzaji angali akikubali, kwa sababu mizizi ikijaa ndani ya tumbo lile hutautoa mti ila kwa kuvunja chungu. Kila chungu ukimwagie maji kikiwa kitupu: yakibaki chini, hakikufinyangwa kwa ajili ya mti. Vyungu vya Tokoname huko Japani husifiwa kwa sababu vimechomwa kwa moto mkali vikawa vigumu; vyetu vinavyochomwa kwa kuni na nyasi, kama vya wanawake wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa, hupitisha maji, na sifa ile ile inayopoza maji ya kunywa hukausha mizizi midogo siku za kaskazi. Sivikatazi, bali utalazimika kumwagilia asubuhi na jioni.

Nalo la udongo usilichukulie kwa wepesi. Twaa sponji lenye maji, ulilaze juu ya kiganja mpaka liache kutiririka, kisha ulisimamishe: litatiririka tena. Udongo nao ni hivyohivyo: maji hubaki chini ndani ya chombo kwa kimo kilekile, kiwe kirefu au kifupi, kwa hiyo chungu kifupi hujaa maji karibu chote, na kuweka kokoto chini hakusaidii neno. Dawa ni punje kubwa tupu. Ponda matofali ya kuchoma, uchekeche, utupe vumbi, ubakize punje za ukubwa wa choroko, uchanganye na samadi kidogo iliyooza barabara. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiulete karibu.

Masika yakikaribia, kabla hujatia kisu, nipigie picha mizizi ya kila mche ikiwa imeoshwa, juu na ubavuni, uniletee. Usikate chochote mpaka upate majibu yangu.

Nisalimie wote nyumbani.

Mimi mjomba wako.