Sauti ya Kibandani

Mjukuu wangu ananiita babu mkosoaji. Jioni tukikaa sebuleni hapa Iringa, naye akafungua tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, hunitazama mimi kwanza kabla ya kuitazama runinga, maana anajua hazitapita dakika kumi sijaguna. Juzi mhusika mmoja aliingia chumbani, akamkuta mkewe analia, akauliza, "Nini kinaendelea?" Nikaguna.

"Kosa liko wapi hapo, babu?"

Nikamjibu kwamba kosa la sarufi halipo. Lakini mume Mswahili akimkuta mkewe katika machozi huuliza, "Kulikoni?" au "Una nini, mke wangu?" Kinachoendelea ni mkutano, au ujenzi wa barabara.

Wala sizichukii tamthilia hizo. Nilikuwa miongoni mwa walioifuata ile ya Kichina, Dou Dou na mama wakwe zake, iliyoanza kuonyeshwa TBC mwaka 2011, hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Ugomvi wa mke na mama mkwe hauhitaji mkalimani. Ninacholalamikia ni Kiswahili kilichopigwa pasi mno: kila mtu anasema kwa mizani ileile, mfalme na mpishi, bibi kizee na mtoto, wala hakuna anayetumia methali. Nadhani watafsiri huwa wanapimiwa maneno kwa mwendo wa midomo ya waigizaji, na methali zetu hazina adabu ya kuisubiri midomo ya Kituruki.

Namweleza mjukuu kwamba nimewahi kusikia filamu ya kigeni ikitafsiriwa vizuri kuliko hivyo. Ilikuwa Mbeya, mtaa wa Mwanjelwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kibanda cha mabati chenye mabenchi ya mbao. Siku hizo nilikuwa mwalimu wa nidhamu, na kazi yangu ya mchana mmoja au miwili kila juma ilikuwa kuwatoa wanafunzi wetu humo kwa fimbo. Filamu zilikuwa za Kimarekani, za Kihindi na za Kichina, na juu yake ilirekodiwa sauti ya msimuliaji. Aliyetamba nchi nzima ni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kama siku ile sauti ilikuwa yake au ya mwigaji wake sikuuliza. Nilisimama mlangoni nikisubiri macho yazoee giza. Kwenye kioo, mtu mwenye bastola alikuwa akipanda ngazi za jumba la adui yake. Waigizaji walikuwa kimya kabisa. Msimuliaji hakunyamaza. Akasema taratibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka gizani. Kwa miaka yote niliyofundisha methali hiyo ubaoni, hakuna mwanafunzi aliyewahi kucheka. Nilibaki pale mlangoni mpaka filamu ikaisha. Msimuliaji alitabiri, alionya, alimsuta jambazi, alimwonea huruma mama wa jambazi, alieleza kwa nini Wamarekani wanazika wafu wao katika suti. Alifanya kazi ya manju ngomani, na ya bibi yangu kando ya moto kule Rungwe. Taa ilipowashwa nikakumbuka cheo changu, nikawakamata vijana wanne.

Nani alitufundisha kwamba huo ni uharibifu wa lugha? Sisi walimu tulimsifu Mwalimu Nyerere kwa Mabepari wa Venisi, na tulikuwa na haki. Lakini tazameni alichofanya. Shakespeare aliweka mfanyabiashara mmoja katika jina la tamthilia yake. Mwalimu akatupa mabepari, tena kwa wingi, mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Aliihamishia Venisi katika mabishano ya nchi yake. Msimuliaji wa kibandani naye alimhamishia polisi wa Marekani Mwanjelwa. Wa kwanza tulimtungia maswali ya mtihani, wa pili tukamfuata na fimbo.

Nami nilikuwa mnafiki, niseme wazi. Nilipokuwa chuo cha ualimu Mkwawa, riwaya za Musiba zilipita kutoka kitanda hadi kitanda, kurasa zake zikiwa zimelegea kama kabichi iliyochemshwa, na nilimfuata Willy Gamba kwa mwanga wa kurunzi huku kitabu cha saikolojia ya elimu kikinisubiri. Niliyoyajua kuhusu kumshika msomaji asiondoke, niliyajulia humo. (Na kama mtayarishaji wa filamu yeyote ananisoma: Ngoswe ya Semzaba ingali inangoja. Karatasi za sensa zinavyoteketea kwa ajili ya penzi, mngetaka nini zaidi?)

Mmoja wa wale vijana wanne alikuwa kidato cha pili. Mwezi uliofuata niliwapa insha, "Safari ya kwenda Tukuyu". Wenzake waliandika kwamba waliamka asubuhi na mapema, wakapiga mswaki. Yeye alianza na basi likiwa tayari linateremka katika mvua: mtazameni dereva, anapiga mluzi, hajui kinachomngoja kwenye kona. Akamsuta kondakta. Akamwonea huruma mama mwenye kuku chini ya kiti. Niliitambua ile sauti mara moja. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Huu si utunzi, ni kelele za kibandani," nikampa alama 3 kati ya 20. Baada ya hapo aliamka asubuhi na mapema, akapiga mswaki, kama wenzake, mpaka alipomaliza shule.

Mwaka jana nilitoka Mbeya kwa basi kurudi Iringa. Tulipoiacha Makambako, kondakta, mwanamume mnene mwenye mvi za kwanza, akasimama katikati ya abiria akaanza kututangazia safari: nani amelala akiota deni lake, dereva anamuwazia nani, Mafinga kuna baridi ya kumtambulisha mtu kwa mkwe wake. Watu walicheka hadi mtoto mchanga akaamka. Alipofika kwangu kukagua tiketi akanitazama sana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Tatu kati ya ishirini," akasema akitabasamu, akanirudishia tiketi, akaenda kiti cha nyuma.

Nje misonobari ya Sao Hill ilikuwa inapita, mstari baada ya mstari. Niligeuka mara mbili nimwite. Alikuwa anambembeleza yule mtoto, na mama yake anacheka.