Alienda Bunyonyi Kupiga Picha, Akarudi Ameshampigia Mama

Picha mliziona. Gauni la njano, mtumbwi, ukungu, na maneno mawili tu: "Kichwa kinapumua." Likes zikamiminika. Kilichotokea siku ile hakikupostiwa.

Dada huyu ni Mbongo anayepiga kazi Kigali, mcheshi, hakosi pati. Jumamosi ile shoga yake ndiye aliyemburuta: "Twende Uganda tukapunge upepo, jioni tunarudi." Shoga alishajua kwamba mwenzake ana mimba ya miezi mitatu na jamaa kazima simu. Asiyejua ni mama, Tabata.

Saa 12 asubuhi wakaondoka, pasipoti mkononi. Ukivuka mpaka pale Gatuna, saa inaruka mbele saa nzima, kwa hiyo ukiamka kizembe siku imekwisha. Kutoka Kabale mjini barabara inapanda vilima vilivyolimwa matuta, halafu ghafla ziwa hilo hapo chini, limejikunja kati ya milima na visiwa vyake 29. Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi, na kweli wanasikika. Ila ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake si ya gauni la njano. Sweta lilivuliwa kwenye picha tu.

Wakazunguka lodge mbili za ufukweni kupiga picha, ya tatu ikawa kisiwani. Bei ya mtumbwi wakapatana kabla ya kupanda, maana ukishakaa ndani huna ujanja tena.

Njiani wakapita kijisiwa kidogo mno, nyasi na mti mmoja. Dada akauliza, "Kaka, pale kuna lodge?"

Mpiga kasia akacheka, kisha akaacha kucheka. Pale ni Akampene, kisiwa cha adhabu. Zamani msichana akishika mimba kabla ya ndoa, aliachwa pale. Wengi hawakujua kuogelea. Wengine walikufa kwa njaa na baridi, wengine wakijaribu kuvuka. Aliyebahatika alichukuliwa na mwanaume asiye na ng'ombe wa mahari, kwa sababu huyo alioa bure.

"Na waliowapa mimba?"

Kasia likaingia majini mara mbili, tatu. "Hao hadithi haiwataji, dada."

Hakuna aliyepiga selfi pale.

Kisiwani kamba wa ziwani wakaletwa na chipsi, moto kabisa, dada hakugusa. Akatoka na simu hadi kwenye ngazi za mbao zinazoingia majini. Shoga aliona mabega tu yakitikisika, akamwacha.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akafoka, na kufoka kwenyewe kulikuwa kwa mama wa Tabata hasa, hadi majirani lazima walisikia. Kisha akauliza, "Umekula?"

"Bado, mama."

"Kale. Mwisho wa mwezi uje nyumbani. Na usipande basi mwanangu, safari ndefu hiyo. Nitachangia ndege."

Dada akarudi mezani, kamba wameshapoa. Akawala wote, pamoja na wa shoga yake.

Jioni mtumbwi ulipita tena karibu na Akampene. Akauangalia ule mti mmoja mpaka ukapotea nyuma ya kilima, mkono mmoja tumboni, juu ya sweta.