Nimefuta Ile Video ya Breki, Halafu Nikalipa Kocha

Kama umekuwa ukinifuata tangu mwaka jana, unaijua ile video ya breki. Niko kwa mteremko, vumbi nyuma, kamera imefungwa kifuani, na mimi napiga domo: "Wasee, siri ya kushuka ni moja tu. Breki ya mbele usiiguse. Ukiigusa unapaa juu ya usukani kama mzigo wa boda." Zaidi ya watu 40,000 waliitazama. Hakuna video yangu nyingine imewahi kufika hapo. Mwezi uliopita niliifuta, na leo nawaambia kwa nini, hata kama naona aibu kuandika.

Mtoto wa shangazi yangu ana miaka 16. Likizo zikifika anakuja kukaa na sisi hapa Kikuyu. Ni yule kijana ambaye ukinyoa hivi, naye ananyoa hivi. Nilipopata baiskeli nyingine ya mtumba, ile ya zamani nikamwachia yeye, na tangu siku hiyo amekuwa nyuma yangu kila mahali.

Agosti tulienda kwa njia fulani ya msituni inayoshuka mpaka mtoni. Nilitangulia. Nikafika chini salama, nikageuza kamera nimnase akishuka. Kwa hivyo yote yaliyotokea ninayo kwa simu, na nimeyatazama mara nyingi kuliko ningependa kukubali.

Anakuja. Amekaa kitini, mgongo umenyooka, mikono imekakamaa. Breki ya nyuma ameifinya yote. Tairi la nyuma limegoma kuzunguka, linateleza tu juu ya kokoto huku likimpeleka upande. Kasi haipungui. Na vidole vya ule mkono mwingine, wa breki ya mbele, vimenyooka mbali na chuma kama mtu anayeogopa kushika sufuria ya moto. Halafu mti.

Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Usiku huo shangazi alifika kutoka Nakuru. Nilikuwa nimejipanga kwa kelele, lakini hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Wewe ndiye ulimfundisha?" Kabla sijafungua mdomo, kijana akajibu pale kitandani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni: "Mum, si makosa yake. Mimi ndio sikufuata vile alisema."

Wasee, hapo ndipo iliniuma. Kwa sababu alikuwa amefuata vile nilisema. Neno kwa neno.

Na kitu kibaya zaidi ni hiki: hata baada ya siku hiyo, video niliiacha. Nilijiambia alikuwa na bahati mbaya, njia ilikuwa na kokoto nyingi, baiskeli ni ya zamani. Watu walikuwa bado wanaitazama, na mimi nilikuwa bado nahesabu.

Kilichonisukuma ni swali ambalo halikuniacha nilale: mimi mwenyewe nilifundishwa na nani? Jibu ni hakuna mtu. Nilijifunza kwa video za wazungu wanaoruka magogo kule Kanada, na kwa mabeshte ambao walijifunza kwa video hizo hizo. Hiyo habari ya breki ya mbele niliisikia mtaani nikiwa darasa la nne, na nikaibeba miaka yote bila kuipima hata siku moja. Video inakuonyesha mtu mwingine. Haikuoni wewe. Haiwezi kukuambia kwamba kiwiko chako kimekaza.

Nilikuwa nimeweka elfu nane za kununua maikrofoni. Nikazitoa, nikatafuta kocha. Ni mzee fulani aliyewahi kushindana, siku hizi anatengeneza baiskeli kwenye kibanda chake na kufundisha watu wikendi. Ngiri mbili kwa masaa mawili. Tukakubaliana Jumamosi nne.

Siku ya kwanza nilifika nimejifunga kamera, nikidhani tunaenda msituni. Akanipeleka uwanja wa mpira. Tambarare kabisa, mbuzi wawili wanakula nyasi golini. Akasema, "Hiyo kamera weka kwa begi. Endesha tu vile unaendesha." Akakaa chini ya mti dakika tano bila kusema kitu. Kisha akaniita: "Unaangalia tairi lako la mbele. Unashika breki kwa vidole vinne. Na ukisimama juu ya pedali, magoti umeyafunga kama mtu anaimba wimbo wa taifa." Miaka sita ya kuendesha, na dakika tano zilimtosha kuona yote hayo.

Halafu akapanga vifuniko vya soda kwenye mstari. Kazi: njoo na kasi ileile, ukifika kwa kifuniko cha kwanza shika breki, tuone unasimama wapi. Raundi ya kwanza, breki ya nyuma peke yake. Tairi likateleza, nikasimama baada ya hatua kumi na moja. Raundi ya pili, ya mbele peke yake. Nilikataa. Nawaapia nilikataa, nikamwambia nitapaa. Akanionyesha kwanza vile mwili unakaa: pedali zote mbili usawa, visigino chini, makalio nyuma na chini kidogo, viwiko vimekunjwa, kidole kimoja tu juu ya breki. "Ikamue kama unakamua ng'ombe," akasema. "Usiinyakue." Nikakamua. Hatua sita. Raundi ya tatu, zote mbili pamoja. Hatua tano, na sikuteleza hata kidogo.

Akachora kwa vumbi. Ukianza kupunguza kasi, uzito wako na wa baiskeli unasukumwa mbele. Tairi la mbele linagandamizwa chini, kwa hivyo linashika ardhi zaidi. La nyuma linabaki jepesi, ndio maana linagoma mapema na kuanza kuteleza. Nguvu nyingi ya kusimama iko mbele. Kinachomtupa mtu juu ya usukani ni kuinyakua ghafla akiwa amekaza mikono na uzito wake uko mbele tayari. Shida ni vile inashikwa. Na ukiambiwa usiiguse kabisa, kwa mteremko mkali umebaki na breki ile dhaifu peke yake.

Nilirudi nyumbani nikifikiria vile vidole vilivyonyooka. Usiku huo ndio nilifuta video.

Jumamosi ya pili ilikuwa macho na kona. Ukweli ambao kila mwendesha baiskeli anafaa kuambiwa mapema: unaenda pale unapoangalia. Ukikodolea jiwe macho kwa sababu unaliogopa, utaligonga. Macho yatangulie, yaangalie mahali unataka kutokea, na mabega yatafuata. Kasi unaipunguza kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, halafu ndani ya kona unaachilia breki. Pedali ya upande wa nje iko chini, unaikanyaga, na unailaza baiskeli zaidi kuliko mwili wako. Siku hiyo tulizunguka vile vifuniko mpaka nikaona kizunguzungu. Nilipofika keja nilifungua ile video ya Agosti tena, nikaangalia macho ya kijana. Alikuwa ameutazama ule mti tangu mbali.

Ya tatu ilikuwa kupanda. Badilisha gia kabla mlima haujakubana, sogea mbele kidogo ya kiti, shusha kifua, zungusha pedali bila kukurupuka. Pia akaniambia nipunguze upepo kwa matairi. Mimi nilikuwa nayajaza petroli stesheni mpaka yanakuwa kama mawe, nikidhani ndio fiti. Tairi gumu kwa njia ya mawe linadunda. Lililolegea kiasi linashika ardhi, mradi lisilegee mpaka ringi igonge mawe.

Ya nne ndio tulienda Karura, ule msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999. Na hata huko, penye mizizi hakuniruhusu kupita hivi hivi. Tulishuka tukatembea kwa miguu, akaniuliza: ukitoka hapa unaangalia wapi? Breki unaachia wapi? Nikajibu, nikarudi juu, nikashuka. Sikuwa na kasi ya kutisha. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua ninachofanya, sehemu kwa sehemu.

Sasa najua komenti zinazokuja. "Kocha ni wa watoto wa Karen." "Baiskeli mtu hufundishwa na kuanguka." Nilikuwa nasema hivyo pia. Lakini angalia hii nchi. Kwa mbio hakuna mtu anabisha kuhusu kocha. Eliud Kipchoge alimwendea Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya Olimpiki ya 1992 kwa mbio za kuruka viunzi na maji, akiwa bado kijana wa mtaa, akamwomba programu ya mazoezi. Mwaka 2019 alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, alikuwa bado mwanafunzi wa Sang. Mtu mwenye kasi kuliko sisi sote bado anakubali kuangaliwa.

Na kwa baiskeli hatuhitaji kwenda mbali. Hapa hapa Kikuyu, kijiji cha Mai-a-Ihii, David Kinjah amekuwa akilea vijana wa Safari Simbaz miaka na mikaka. Mmoja wa watoto waliopitia mikononi mwake, wakipanda vilima hivi hivi vyetu, ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alianza na nyumba ya kawaida, baiskeli za kuungaunga, na mtu anayejua akimwangalia.

Sikatai, elfu nane ni doo. Kuna mwenye baiskeli ambayo ndiyo inaleta unga, anabeba mkate ama maji kutoka saa kumi na moja asubuhi, na huyo siwezi kumwambia atoe ngiri mbili. Ila mko watano kwa mbogi yenu? Changeni, mlipie kipindi kimoja, mmoja wenu aandike. Huna kabisa? Tafuta klabu inayoendesha wikendi, kaa nyuma ya mtu mzima anayejua, umwombe akuangalie dakika tano. Watu wa baiskeli wanapenda kuulizwa. Tunachokosa mara nyingi ni ule unyenyekevu wa kusema, "Sijui, niangalie." Mtaani tumefanya kujifunza peke yako kuwa sifa, na bili ya hiyo sifa nimeona mtu mwingine akiilipa kwa mfupa wake.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi. Nikamwambia ukweli: kijana alifanya nilivyomwambia, na nilivyomwambia ni makosa. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Nimekusikia. Desemba akija, kama atapanda hiyo baiskeli, huyo kocha wako amwangalie yeye kwanza. Wewe utakaa kando." Nikasema sawa, shangazi. Maikrofoni itangoja tena.

Jumapili nikaenda kumtembelea shuleni. Bega limeshika, ingawa bado analilinda akikaa. Nikamweleza yote, vifuniko vya soda, hatua kumi na moja, hatua tano. Alisikiliza akimaliza chapati zangu. Akauliza, "Kwa hivyo ningeshika ya mbele?"

"Ungeshika zote mbili. Polepole."

Akafikiria kidogo. "Na mti nisiuangalie."

"Na mti usiuangalie."

Ile video nimeitoa kwangu, lakini siwezi kuitoa kwa simu zenu na kwa magrupu mlikoituma. Kama ulimtumia mtu, tafadhali mtumie na hii.