Majani Yenye Majina Mawili

Nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Lubumbashi kuna bustani ya hatua nane kwa tano. Jembe ni la Nkambo. Mimi, mwanafunzi wa isimu, nachota maji tangu Mei hadi Septemba, mvua isiponyesha.

Kila tuta lina majina mawili. Majani ya muhogo sokoni ni sombe. Kwa Nkambo, kwa Kibemba chake, ni katapa. Matembele ni kalembula. Lengalenga ni bondwe. Hajawahi kuniketisha anifundishe. Husema tu, “Mwana, kata bondwe kichwa, itoe matawi,” nami napata neno pamoja na kazi yake.

Sasa mwenye nyumba anataka kujenga vyumba viwili palepale. Hesabu yake naielewa: kodi inashinda mafungu ya mboga. Hesabu yetu je? Lengalenga huchumwa baada ya wiki tatu au nne tu. Siku mfuko umekauka, ndiyo inayokaa kando ya bukari.

Darasani tunasema lugha hufa wazazi wakiacha kuirithisha. Ni kweli. Lakini nani atarithisha jina la jani asilolichuma? Matuta yakifunikwa saruji, katapa itabaki daftarini mwangu, na watoto wangu watajua sombe ya sokoni pekee.

Kwa hiyo nimejaza magunia makuukuu udongo wa kichuguu na samadi, nikapanda bondwe na kalembula. Tuta ni la mwenye nyumba. Gunia huhama na mpangaji.