Nimeanza kusomea uhasibu (na kwa nini nililazimika)

Juzi kijana mmoja hapa Migori, anayejifunza kuandika programu, alinikuta hotelini nimefungua kitabu cha ukaguzi wa hesabu kando ya sahani ya samaki. Akaniuliza, "Mzee, umeacha kompyuta?" Nikamwambia sijaacha. Akacheka, hakuniamini. Si wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo leo nitajibu mara moja, niwe nimemaliza.

Nina miaka 47. Nimeandika programu kwa zaidi ya miaka 20, nyingi zikiwa za pesa za watu wa kawaida: maduka, shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo. Tangu 2023 nasomea CPA, mitihani ya KASNEB, ile bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Nakaa darasani na vijana wa umri wa binti yangu. Mmoja wao huniita "baba" na kuniazima kalkuleta.

Kwanza nikiri kwamba sikuwapenda wahasibu. Ukiandika programu za biashara, mhasibu ndiye mtu anayekuja mwisho, baada ya mwenye mali kufurahi na kulipa nusu, akaanza kuuliza maswali. Mbona risiti namba 212 haipo? Mbona jumla inapungua senti moja? Senti moja! Nilikuwa nasema moyoni, chukua shilingi yangu hii, tuendelee na maisha.

Hiyo senti moja, kwa njia, haikuwa upuuzi. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa makadirio. Jaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha nyingi za programu, utapata 0.30000000000000004. Kosa dogo kama hilo likiangukia pale namba inapokadiriwa hadi senti iliyo karibu, senti moja inaweza kuzidi au kupungua. Dawa yake ni kuhifadhi pesa kama senti nzima, namba isiyo na nukta. Nililijua jambo hilo kutoka vitabuni. Nililifanya tu baada ya mhasibu kunisumbua.

Kisa cha 16 na 14

Machi 2020, korona ilipoingia nchini, serikali ilitangaza kwamba kodi ya VAT itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili. Tulipewa siku chache tu. Mimi nilikuwa na programu katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na ile 16 nilikuwa nimeiandika ndani ya programu yenyewe, tena mahali pengi. Nikakesha nikitafuta kila 16 na kuiweka 14. Kulipokucha ikawa hakuna tarehe 16 tena katika kalenda ya duka :-)

Hilo nililirekebisha kabla ya saa nne. Baada ya wiki mbili, dada aliyekuwa akiwatunzia hesabu akanipigia simu. "Kaka, risiti ya Februari imebadilika."

Nikamwambia ndiyo, kodi imebadilika.

"Kodi ya Aprili imebadilika," akasema. "Februari imeshapita. Mteja ana karatasi inayosema 16, na mashine yako inasema 14. Nani kati yenu muongo?"

Programu yangu ilikuwa inapiga upya hesabu ya kila risiti kila ilipofunguliwa. Nikaona anatafuta makosa tu, nikafanya kiraka cha haraka. Tarehe 1 Januari 2021 kodi ikarudi asilimia 16, kiraka kikapasuka, na sasa risiti zote za miezi ile tisa zikawa zinasoma 16. Hapo ndipo nilipokaa chini nikafanya kazi inavyotakiwa: kiwango cha kodi kikawa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila risiti ikabeba kiwango ilichozaliwa nacho. Nikadhani somo limekwisha. Kumbe nilikuwa nimesikia neno "kodi" tu, sikusikia neno "imeshapita".

Homa Bay

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Sitataja chama wala mtu, kwa sababu kosa ni langu.

Kulikuwa na chama kidogo cha akiba na mikopo Homa Bay, wengi wa wanachama wakiwa akina mama wanaouza omena. Niliwaandikia programu. Mwanachama akileta pesa, keshia anaandika risiti ya mkono yenye nakala ya kaboni, kisha anaingiza kwenye kompyuta. Mimi, kwa wema wangu, niliweka kitufe cha Sahihisha. Ukikosea kiasi, unabonyeza, unaandika kiasi kingine juu ya kile cha kwanza, basi. Cha kwanza hakionekani tena. Watu walikipenda sana kitufe hicho.

Jambo la pili nililofanya: salio la kila mwanachama nililihifadhi kama namba ya pekee, pembeni, ili lionekane haraka. Kwa hiyo kusahihisha kulikuwa na hatua mbili, kwanza kubadilisha ingizo, halafu kubadilisha salio. Sikuzifunga pamoja. Stima ikipotea katikati, hatua ya kwanza inabaki na ya pili haifanyiki. Mtu aliyewahi kufanya kazi huku anajua stima hupotea mara ngapi.

Mwanzoni mwa 2022 wakafunga hesabu za mwaka. Salio za wanachama zikijumlishwa zilizidi pesa zilizokuwepo kwa shilingi 64,350. Kamati ikafikiri kile ambacho kamati yoyote ingefikiria: keshia amepokea pesa, akawaandikia watu, akatia mfukoni. Wakamsimamisha kazi. Wakanipigia simu kuniuliza kama programu inaweza kukosea.

Nikajibu, "Programu nimeipima. Haina tatizo."

Nilijibu nikiwa nimesimama stendi ya Rongo nikisubiri gari, bila kufungua kompyuta. Maneno hayo yalimweka mama yule nyumbani wiki sita.

Baadaye wakamleta mhasibu mstaafu kutoka huku Migori aitazame kesi kabla hawajaipeleka polisi. Wote walimwita Jaduong', nami nikamwita hivyo. Nikaitwa nikae naye. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nionyeshe yaliyosahihishwa."

"Hayapo, Jaduong'. Yakisahihishwa yanaandikwa upya."

Akavua miwani. "Na haya masalio unayatoa wapi?"

"Nimeyahifadhi."

"Nyathina," akasema, "salio halihifadhiwi. Salio hutafutwa."

Akaniambia nijumlishe maingizo yote ya kila mwanachama na kulinganisha na salio lake. Ilinichukua dakika kama tano kuandika swali hilo kwa hifadhidata. Wanachama sita hawakulingana. Jumla ya tofauti: 64,350.

Dakika tano! Na mtu amekaa nyumbani wiki sita.

Lakini Jaduong' hakufurahi. Akasema sasa tunajua tu kwamba mashine ina maneno mawili, hatujui lipi ni la kweli. Kwa kuwa nilikuwa nimefuta historia, ilibidi turudi kwenye vitabu vya risiti, nakala za kaboni, siku tatu, yeye akisoma na mimi nikitia alama. Kabla hatujaanza aliiangalia ile 64,350, akajumlisha tarakimu zake, akapata 18, akasema inagawanyika kwa tisa. Akanieleza kitu ambacho kila mhasibu mzee anakijua: ukiongeza sifuri kimakosa, au ukigeuza tarakimu mbili, tofauti yake hugawanyika kwa tisa daima. 5,000 badala ya 500, tofauti 4,500. 540 badala ya 450, tofauti 90. "Si ushahidi," akasema, maana namba moja katika kila tisa ingegawanyika vivyo hivyo hata pesa zikiibwa. "Ni harufu tu. Inatuambia tuanzie wapi."

Tukazipata zote sita: 4,500 mara mbili, 1,350, 9,000, 18,000 na 27,000. Kila moja ilikuwa sifuri iliyozidi. Kila moja keshia alikuwa ameiona na kuisahihisha siku ile ile, na risiti yake ya kaboni ilikuwa sawa. Ingizo lilibadilika, salio likabaki na sifuri yake. Bahati njema hakuna mwanachama aliyekuwa ametoa pesa zisizo zake.

Kamati ilimwita arudi kazini. Alikataa. Mimi nilimfuata ufukweni, nikamkuta anaanika omena, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nilijua sijachukua. Lakini ilifika mahali hata mimi nikaanza kujishuku. Walisema kompyuta haidanganyi."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Wahasibu hawafuti

Nilirudi Migori na Jaduong' katika gari moja, kupitia Rodi Kopany, Rongo na Awendo, na njiani alinifundisha kile ambacho ningepaswa kujua tangu siku ya kwanza. Mhasibu hafuti. Akikosea, anaandika ingizo la kugeuza kosa, halafu anaandika lililo sahihi. Yote matatu yanabaki:

3 Machi – akiba imepokelewa: 5,000
3 Machi – kugeuza, sifuri imezidi: -5,000
3 Machi – akiba imepokelewa: 500
Salio: 500

Ukilisoma hili miaka kumi baadaye, unajua nini kilitokea, lini, na nani aliandika. Ajabu ni kwamba sisi waandishi wa programu tunafanya hivyo hivyo kwa kazi yetu wenyewe. Kila badiliko la programu tunalihifadhi na tarehe na jina, tunaweza kurudi nyuma mpaka mstari wa kwanza. Tumezilinda herufi zetu kuliko tulivyolinda akiba ya mama anayeuza omena.

Halafu kuna kuandika mara mbili. Mwaka 1494, huko Venice, mtawa aitwaye Luca Pacioli alichapa kitabu cha hisabati, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza madaftari yao. Hakubuni yeye, aliandika aliyoyakuta. Kila shilingi inaandikwa mahali pawili: ilikotoka na ilikoenda, na pande mbili lazima zilingane. Mwanachama akileta 500, sanduku la pesa linaongezeka 500, na deni la chama kwake linaongezeka 500. (Ndiyo, akiba yako ni deni la chama. Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka 45.) Kama programu yangu ingekuwa na pande mbili, sanduku lingesema 500 na akiba ingesema 5,000, na mashine ingepiga kelele jioni ile ile.

Wazee wa Kiswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nimetengeneza daftari linalopoteza habari lenyewe.

Basi nikajiandikisha

Ningeweza kusoma kitabu kimoja na kuishia hapo. Lakini nilijijua. Kwa miaka 20 nilikuwa nachukua maneno mawili matatu kutoka kwa wahasibu, yale yanayonifaa, na kuacha mengine. Nilitaka safari hii nilazimishwe kuyasikia yote.

Ngazi ya kwanza ilinidhalilisha. Hesabu za fedha nilianguka. Muda uliniishia nikibishana na swali, kwa sababu kichwani mwangu debiti ilikuwa kutoa na krediti kujumlisha, na sivyo kabisa. Nilirudia nikapita. Sheria niliipenda, jambo ambalo mke wangu bado halielewi. Somo la teknolojia ya habari nilikwenda nalo kwa kiburi nikatoka jasho, maana wanauliza kile kinachohitajika, si kile unachotaka kusimulia. Mtaala ulioanza 2021 una pia mtihani wa vitendo wa uchanganuzi wa data katika ngazi ya mwisho, unaofanywa kwenye kompyuta. Huo nausubiri kwa hamu, lakini safari hii bila kiburi.

Je, nitakuwa mhasibu? Kupita mitihani peke yake hakutoshi, inabidi pia uandikishwe na ICPAK, na ada zote hizi zinatoka mfuko ule ule unaolipa shule. Pengine nikifika 50 nitakuwa na ofisi ndogo hapa Migori, ya kutazama hesabu za vyama vidogo, mahali ambapo mtu akisema "kompyuta imesema" nitaweza kumuuliza kompyuta ilisema nini jana.

Programu ya Homa Bay niliiandika upya bila malipo. Ina pande mbili, salio linatafutwa kila mara, na hatua zote hufungwa pamoja, zikamilike zote au isifanyike hata moja. Kitufe cha Sahihisha hakipo. Kuna kitufe cha Geuza, na kinakuuliza sababu kabla hakijakubali. Keshia mpya alilalamika wiki ya kwanza kwamba kinamchelewesha. Nilimweleza kisa hiki, bila jina la mtu. Tangu hapo sababu anaziandika ndefu kuliko nafasi niliyoacha, na imebidi niiongeze.