Gurudumu dogo na vumbi la Voi

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Nairobi huanza kuijua Voi kabla ya kuuona mji wenyewe. Akishapita Mackinnon Road na Maungu, ardhi inayomzunguka huwa nyekundu kama matofali yaliyotoka tanuruni. Vumbi lake hukaa juu ya majani ya mkonge, juu ya mabati ya maduka na juu ya migongo ya ndovu wa Tsavo, ambao kwa asili ni wa kijivu lakini hujimwagia udongo huo hata wakaonekana wekundu. Ukishuka Voi na shati jeupe, jua kwamba jioni utalifua.

Huu ni mji wa njia panda. Reli ya kwanza ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19 ikielekea bara. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia Waingereza walijenga reli nyingine kutoka hapa kuelekea Taveta, ili wawakabili Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Tangu mwaka 2017 treni ya abiria ya reli mpya nayo husimama Voi. Watu wa milimani, ambako kilele cha Vuria hufika mita 2,208, huteremka hapa kufuata soko, benki na, siku hizi, saiba ya kujazia fomu za mtandao.

Katika saiba moja karibu na steji ya matatu ndipo nilipoingia asubuhi moja, nikitaka kuchapisha karatasi mbili tu. Mbele yangu alikuwa ameketi mama mmoja kutoka Mwatate pamoja na binti yake. Walikuwa wakiomba msaada wa karo.

"Kaunti gani, mama?" kijana wa saiba akauliza.

"Taita Taveta, mwanangu."

Kijana akachagua. Kisha akasukuma kwa kidole lile gurudumu dogo la kipanya, au mausi kama wengi wanavyokiita, ili ateremshe ukurasa. Ukurasa ukapanda badala ya kushuka. Akasukuma tena, ukashuka kidogo, ukaruka juu. Yeye hakushtuka. Alikuwa ameshazoea.

Fomu ilipokamilika, binti ndiye aliyeinama karibu na kioo. "Kaka, mbona hapo pameandikwa Garissa?"

Sote tukacheka, isipokuwa mama. "Ingekwenda hivyo," akasema, "huyu angesomeshwa na nani?"

Kosa lilitokeaje?

Kaunti zetu 47 zina nambari kama zilivyopangwa katika Katiba ya mwaka 2010. Lamu ni ya 5, Taita Taveta ya 6, Garissa ya 7. Ukichagua jina katika orodha ya namna hiyo kisha ukazungusha gurudumu kabla ya kubofya mahali pengine, baadhi ya kompyuta hudhani bado unachagua. Hatua moja ya gurudumu humpeleka Mtaita Garissa. Hatua moja ya upande wa pili humfanya kuwa mtu wa Lamu. Gurudumu likiwa zima, macho huona jambo hilo na mkono hulirekebisha. Likiwa linaruka ovyo, mwenye kulitumia hana habari limesimama wapi.

Kipanya chenyewe si kitu cha jana. Douglas Engelbart wa Marekani alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na cha kwanza kabisa kilikuwa na kiwiliwili cha mbao. Gurudumu la kusogezea ukurasa lilikuja kuenea baadaye sana, hasa baada ya kampuni ya Microsoft kuuza kipanya chake chenye gurudumu kuanzia mwaka 1996. Leo hatuwezi kufanya kazi bila hilo gurudumu, na ndilo linalotangulia kuugua.

Fundi aliitwa kutoka kibanda cha pili, anakotengeneza simu na redio. Alikuja na bisibisi ndogo, wembe, brashi na kichupa. Kwanza alichomeka kipanya kwenye kompyuta nyingine, ahakikishe kwamba ugonjwa uko kwenye kipanya na si kwenye mashine. Kisha akakichomoa. Skrubu hazikuonekana, kwa kuwa hujificha chini ya vile vipande laini ambavyo kipanya hutelezea. Akavibandua polepole kwa wembe, akafungua.

Ndani mlikuwa na Voi nzima. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye mhimili wa gurudumu, limechanganyika na nywele na jasho la vidole.

Akatuonyesha kisanduku kidogo ambamo ncha ya mhimili huingia. Ndani ya kisanduku hicho, alieleza, mna kisahani chenye mistari ya chuma na ndimi nyembamba zinazokigusa kinapozunguka. Ndimi mbili hutoa ishara kwa kupishana, na kompyuta hutazama ni ipi iliyotangulia ili ijue kama unapanda au unashuka. Uchafu au kutu ikizuia ulimi mmoja, ishara huvurugika, na ukurasa hurudi unakotoka. Vipanya vingine hutumia mwanga badala ya ndimi: gurudumu lina matundu, mwanga hupita na kukatika. Hivyo navyo unywele mmoja unatosha kuvipofusha.

Dawa yake ilichukua muda mfupi. Fundi aling'oa gurudumu, akalipiga brashi. Akadondosha matone mawili ya alkoholi kwenye kisanduku, akazungusha kisahani mbele na nyuma mara nyingi, akaacha kikauke kabisa kabla ya kufunga. Alituonya tusitumie petroli, ambayo huweza kuharibu plastiki, wala mafuta ya kupikia, ambayo hukaribisha vumbi zaidi. Spiriti iliyotiwa mafuta pia haifai. Kisanduku kikiwa kimelegea, masikio yake ya chuma huweza kubanwa taratibu kwa koleo. Kikiwa kimekwisha kabisa, huondolewa na kingine cha kimo kilekile kikalehemewa mahali pake.

Alipokirudisha, kijana alizungusha gurudumu na ukurasa ukashuka kama maji. Malipo hayakufika hata nusu ya bei ya kipanya kipya.

Hapo ndipo mama wa Mwatate alipouliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Mwanangu, mashine hii imekuwa hivi tangu lini?"

Kijana akajikuna kichwa. "Kama wiki mbili, mama."

"Na waliokuja kabla yangu?"

Kimya kikaingia. Kwa wiki mbili kijana alikuwa amejifunza kuishi na ule ubovu, akaufanyia ujanja wa hapa na pale, naye hakupoteza chochote. Hasara, kama ipo, ilikuwa imepanda matatu na wateja ikarudi nao Wundanyi, Bura na Maktau. Mwenye mashine huzoea kasoro yake. Mteja, ambaye pengine hajui hata atazame wapi katika kile kioo, ndiye huilipia. Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wazee, ila safari hii mguu ulikuwa wa mtu mwingine.

Sikumlaumu sana. Nani kati yetu hana kitu kibovu nyumbani au kazini ambacho amekizoea? Lakini tunapokitumia kuwahudumia wengine, mazoea hayo yana mwisho.

Kabla sijaondoka fundi aliacha mawaidha matatu: kipanya kifunikwe kwa kitambaa usiku, ukishachagua katika orodha, bofya mahali patupu kabla ya kugusa gurudumu, na fomu isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla ya kutumwa.

Nilipotoka na karatasi zangu mbili, upepo ulikuwa ukisukuma vumbi jekundu kuelekea mlangoni. Kijana alikuwa amefungua daftari la wateja, simu mkononi, akianza na jina la juu.