Mama, Unanijua Mimi ni Nani?

Leo tuongee juu ya swali moja ambalo sisi watu wa kanisa tunapenda kuwauliza wazee tukienda kuwaona. Chai haijaletwa, tayari tumeinama mbele ya shosho: "Mama, unanijua mimi ni nani?" Akikosea jina tunacheka, tunamwambia mwenye nyumba, "Haki amesahau kabisa," na yeye ameketi hapo hapo anasikia.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari wanauita dimenshia, swali hilo ni mtihani. Wewe taja jina lako. "Mama, ni mimi, yule jirani wa kando ya zahanati. Nimekuja kukusalimia." Basi.

Ugonjwa huu hauchukui kumbukumbu peke yake, unachukua maneno pia. Utamsikia akisema "kile cha kunywea chai" kwa sababu neno kikombe limemkimbia. Atauliza jambo moja mara kumi. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: lugha aliyojifunza ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea, ile ya utotoni ikabaki. Mama aliyeuza sokoni kwa Kiswahili kizuri miaka thelathini anarudi Kikamba kitupu, na wajukuu waliozaliwa Nairobi hawaelewi hata neno. Wanasema amekuwa bubu. Si bubu, amekosa wa kuongea naye.

Wengine wanasema ni mapepo. Watumishi wenzangu, mniwie radhi, hapa nitasema wazi. Naamini ukombozi, na nimeona Mungu akifungua watu. Lakini kumshika mzee kichwa na kumpigia kelele sikioni saa nzima, anatetemeka, hajui nyinyi ni akina nani, hiyo si huduma. Na tunajua neno "mchawi" hufikisha watu wapi. Mwaka wa 2021 kule Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mzee anayezurura usiku akisema yasiyoeleweka anahitaji mtetezi, na wa kwanza awe mchungaji wake. Mwombee, ndiyo, kisha mpeleke hospitali. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usingoje kabisa: inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au ya kifua, au amekosa maji mwilini, na hayo yanatibika.

Wewe unayemtunza, najua umechoka. Ongea naye ukiwa mbele ya uso wake, redio imezimwa. Sentensi fupi, jambo moja. Badala ya "Utakula nini?" mwonyeshe: "Uji au chai?" Halafu ngoja. Ngoja kuliko unavyodhani inatosha, maana jibu bado liko njiani. Akivutavuta nguo, huenda anataka choo. Akikataa chakula, mwangalie meno. Na akiuliza mumewe atarudi saa ngapi, na mzee alizikwa zamani, usimpe habari ya msiba upya kila jioni. Mwambie, "Unamkumbuka sana, Mama. Alikuwa anapenda chakula gani?" Najua kuna atakayeniuliza kama huo si uongo. Hujadanganya mtu, umejibu kile moyo wake ulichouliza.

Katika Warumi 8:26 Paulo anaandika juu ya Roho anayetuombea pale maneno yanapotuishia. Sisi tunaupenda mstari huo kwenye mikesha. Mimi siku hizi nauona zaidi katika vyumba vya wazee. Mama asiyeweza kutaja jina la mwanawe anaimba wimbo wa zamani ubeti kwa ubeti. Imba naye. Na Meza ya Bwana ikipita, asirukwe.

Alhamisi saa tisa tunaenda kwa mama mmoja wa ushirika wetu. Natafuta wawili wanaojua Kikamba vizuri, si kile cha kuombea maji. Niandikieni hapa chini.